Siku Tulifungua Mulango ya Léonie

Ba-mama ya Kamina, na ninyi ba-baba bakubwa benye munatoka Kabongo na Malemba-Nkulu munakuja kungojea train kwetu, hii karatasi nimeiandika juu yenu. Minyi si mwalimu. Nilifika darasa la sita ya primaire, kiisha nikaenda kulima. Mukiona kosa ya kuandika, muipite tu. Kosa yenye nataka muone haiko ya kalamu.

Ilikuwa siku ya posho, samedi, mwezi wa sita, ile wakati ya baridi, vumbi bado imelala chini. Nilikuwa nimefagia lupango yote, kiwanja ya nyumba yetu. Juu ya mbabula ya makala samaki ya kutoka Mulongo ilikuwa inachemka pole pole. Ng'ambo ya lupango, jirani yangu Mama Mwajuma alikuwa anatandika bikwembe, bitambaa yake ya kuuzisha, anaimba kwa pua. Hakuna mutoto mwenye alilia, hakuna radio. Na ndani ya chumba yake, mulango imefungwa, mutoto yangu Léonie alikuwa anafanya examen ya masomo yake.

Saa tatu ya asubuhi nyumba yetu ilikuwa na amani. Saa ine amani ilikuwa imekwisha. Hakuingia mwizi, hakuingia askari. Ni minyi njo nilifungua mulango.

Mbele niwaambie huyu Léonie ni nani. Ni mutoto yangu ya kwanza, iko na miaka makumi tatu na moja. Anatumika kazi kwa laboratoire ya centre de santé, ile hospitali ndogo ya kata yetu: anakamata tone ya damu, anaitandika juu ya kipande ya kioo, anaangalia ndani ya microscope, anasema hii ni malaria, hii haiko malaria. Anaingia saa moja na nusu, anatoka saa tisa, na zamu ikimufikia anaenda hata siku ya yenga, dimanche. Ile kazi hakuiacha hata siku moja. Lakini miaka tatu sasa anasoma pia licence ya biologie, ile diplome ya université, kwa njia ya internet. Université iko mbali, ba-prof anabaona ndani ya ile masini, ordinateur. Mara moja kwa mwaka, wakati ya congé, mapumziko ya kazi yake, anapanda train anaenda Lubumbashi kufanya mazoezi ya mikono.

Juu ya nini anajitesa vile? Baba yake, marehemu bwana yangu, aligonjwa homa yenye haikusikia dawa ya malaria. Damu yake ikatumwa mbali, juu hapa hakukuwa muntu mwenye kuweza kusoma ile ugonjwa. Jibu ilirudi siku ya tisa ya kilio. Ilikuwa ugonjwa yenye dawa yake inauzishwa hata hapa kwetu. Léonie alisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia ya baba yake. Akasema: "Mama, siku moja hii jibu itatoka hapa Kamina, siku ile ile." Chef yake, Monsieur Esdras, alimwambia: "Pata licence, tutaomba masini ya kuotesha microbes, na weye njo utaisimamia. Bila licence hawatatupatia." Njo kisa ya masomo yake. Hakuna ingine.

Lakini minyi, mama yake, sikuona masomo. Niliona muntu ameketi.

Masomo yenye najua iko na kengele, iko na uniforme, iko na mwalimu mwenye fimbo. Muntu anatoka, anaenda, anarudi. Sasa huyu anarudi kazini, anakula bukari, anakaa mbele ya ordinateur na nyuzi ndani ya masikio. Kwa macho yangu ilikuwa sawa muntu anaangalia mapicha.

"Léonie! Mayi imeisha!"

"Nakuya, Mama. Dakika kumi tu, prof anamaliza."

"Prof gani? Mwambie angojee, kwani yeye iko na kiu?"

Siku moja Mama Mwajuma alikuwa ameketi na minyi, tunachambua majani ya sombe. Akaanza kucheka peke yake.

"Mama Léonie, unajua umemwita ule mutoto mara ngapi tangu nimekaa hapa? Kumi na moja."

"Uongo."

"Wallahi kumi na moja. Mara ya kumi ulimwita umuulize kisu iko wapi. Kisu iko mukononi mwako."

Tukacheka mpaka machozi. Léonie hakucheka. Alikuwa amesimama na daftari yake, anaangalia ile kisu. Kiisha akarudi ndani.

Na kuna neno ya nyumba yetu. Iko karibu na gare ya train. Kila ndugu mwenye anatoka Kabongo kwenda Lubumbashi anashuka kwetu, juu train haipite kila siku. Mwingine anangoja siku mbili, mwingine anangoja siku sita. Bwana yangu hakufunga mulango kwa ndugu hata siku moja, na minyi sikutaka baseme mujane amefunga. Basi nani anapasha mayi ya kuoga ya bageni? Léonie. Nani anasonga bukari ya pili wakati bengine banafika? Léonie. Alikuwa anaamka saa kumi na moja ya asubuhi asome mbele ya kazi, anakuta muzee mumoja ameketi sebuleni na taulo shingoni. "Unaamka mapema, mwanangu, ni vizuri," anamwambia. "Nipashie mayi."

Hata njiani kwenda kazini alikuwa anasikiliza masomo na ile nyuzi. Bantu ya barabara balianza kusema binti ya marehemu amekuwa na majivuno, hasalimie tena. Badala ya kumutetea, nilimugombeza. Nilimwambia anaharibisha jina ya nyumba. Akaanza kutoa nyuzi kila mara anakutana na muntu, na kuirudisha, na kutoa tena. Sasa niulize ninyi benye munasoma: muntu atashika nini vile?

Ile samedi ilikuwa examen ya chimie, ya mwisho ya mwaka ya tatu. Siku tatu mbele ya ile samedi aliniketisha.

"Mama, sikiliza. Samedi saa tatu nitafunga mulango mpaka saa sita. Kamera ya ordinateur itaniangalia, na muntu iko kule anachunga. Siruhusiwe kusimama, siruhusiwe kusema na muntu. Muntu mwingine akionekana, banasema ninaiba, banafunga examen."

"Nimesikia."

"Rudilia, Mama."

"Nimesikia, kwani minyi ni mutoto?"

Na kweli nilisikia. Lakini sikuamini. Kamera nilijua ni ya kupiga picha, na picha, mwingine akiingia ndani, munacheka tu munapiga ingine.

Saa ine kasoro, pale inje, mikono ikapiga: pa, pa, pa. Yaya Kisimba. Ni kaka mukubwa ya marehemu bwana yangu, na tangu kilio yeye njo amesimama pahali pa baba kwa batoto. Alikuwa anatoka Kabongo na valizi ya safari, na kuku mumoja amefungwa miguu. Kuku ilikuwa zawadi ya Léonie.

Nilipiga magoti, nikapiga makofi pole pole, "Eyo Vidye," ile salamu yetu ya heshima. Nikamuletea kiti, nikamuletea mayi ndani ya bilauri. Hakuikamata.

Mwenye hajue desturi yetu ajue hapa. Kwetu mukubwa mwenye amesimama pahali pa baba hakunywe mayi ya nyumba mpaka batoto ya ile nyumba bakuje bamusalimie, na magoti, na makofi. Akikunywa mbele ya ile salamu, ni sawa anasema hapa hana mutoto.

"Mutoto iko wapi?" akauliza.

"Iko ndani, Yaya. Iko kazini."

"Iko ndani ao iko kazini?"

"Anasoma. Ndani ya masini. Iko na examen, atatoka saa sita."

Akaangalia ile bilauri chini. "Saa sita. Basi na mayi ingojee. Tangu ndugu yangu alikufa, ndani ya hii nyumba nasalimiwa saa sita."

"Yaya, si vile..."

"Sisemi kitu, Mama Léonie. Minyi ni mugeni tu."

Mugeni tu. Ba-mama, mwenye ni mujane anajua ile neno inachoma wapi. Nilifikiri siku ya jamaa kukutana, nilifikiri namna habari itafika Kabongo mbele yake. Nikajiambia: salamu ni dakika moja. Nikafungua mulango.

Léonie alikuwa ameketi wima, macho ndani ya kioo ya ordinateur. Hakugeuka. Mukono yake ya kushoto tu, chini ya meza, ilinifanyia: toka, toka.

"Mutoto, baba yako mukubwa amefika. Salimia tu, kiisha uendelee."

Akatikisa kichwa. Yaya Kisimba alikuwa amenifuata nyuma, iko anaangalia juu ya bega yangu. Na Mama Mwajuma, mwenye roho muzuri, alikuwa amesikia sauti ya mugeni. Akakimbia na kiti yake yenye muto ya kukalia, ile ya ba-mukubwa, akaingia nayo mpaka katikati ya chumba.

"Anaangalia nani ndani ya hiyo?" Yaya akauliza.

"Mwalimu yake, Yaya."

Ile neno "mwalimu" njo ilimaliza yote. Yaya Kisimba ni muntu ya adabu. Hakuweza kuingia pahali pa mwalimu na kunyamaza. Akanyoosha koti, akapita mbele yangu, akasimama uso kwa uso na ordinateur. Ndani mulikuwa mama mumoja mwenye lunettes machoni. Yaya akakunja magoti, akapiga makofi.

"Eyo Vidye, madame. Minyi njo baba yake. Mutusomeshee mutoto vizuri. Kama ni mubishi, mumupige."

Ule mama hakucheka. "Mademoiselle, ni nani bale bantu watatu?" Léonie akafungua kinywa. Kioo ikawa nyeusi, kiisha ikaandika maneno ya nyekundu.

"Amenisikia," Yaya akasema, na furaha. "Sasa, mutoto, nisalimie."

Hapa njo moyo yangu inakatika mpaka leo. Léonie alisimama. Akapiga magoti juu ya saruji, akapiga makofi, akamusalimia baba yake mukubwa mpaka mwisho, hakuruka neno hata moja, akauliza na habari ya mashamba. Yaya akarudi inje, akakunywa mayi yake yote.

Wakati alitoka, Léonie alinionyesha ile maneno ya nyekundu, akanisomea. Examen imefutwa. Bantu watatu bameonekana. Wizi. Amefukuzwa kwa masomo. Iko na siku tano za kujitetea: kila muntu mwenye alionekana aandike ushuhuda kwa maneno yake mwenyewe, na sahihi, na picha ya carte yake ya kitambulisho. Mumoja akikosa, maneno imekwisha.

"Mama, unajua umefanya nini?"

"Nilifungua mulango."

"Ndiyo," akasema. "Njo ile tu."

Nilitaka anitukane. Nilitaka avunje sahani. Akachinja ile kuku, akapikia bageni. Lundi, siku ya kwanza ya kazi, saa moja na nusu alikuwa kazini, anatandika damu ya bantu juu ya kioo. Mama Mwajuma alipeleka mutoto yake kupimwa, akarudi, akaniambia: "Mukono yake haitetemeke. Lakini usimuangalie macho."

Ile siku jioni, jua bado haijashuka, nilienda kusimama kwa mulango yake. Nilipiga hodi. Miaka tatu, ilikuwa mara ya kwanza ninapiga hodi pale.

"Bale ba-prof banasikia Kiswahili?"

"Luga yoyote, Mama. Monsieur Esdras atatafsiri, atie kashe, ule muhuri ya centre. Lakini siruhusiwe kuwasaidia hata neno moja."

"Basi nipe kalamu."

"Weye, Mama?"

"Kwani si minyi nilionekana?"

Miaka makumi tatu sikuandika barua. Kalamu iliteleza sawa kijiko yenye mafuta. Barua ya kwanza niliandika: Mutoto yangu si mwizi, ni bageni baliingia. Nikaisoma. Nikaipasua, juu haikuwa kweli. Minyi sikuwa mugeni. Nikaandika ya pili: Nilikuwa mugonjwa. Nikaipasua pia, nikasikia haya. Ya tatu niliandika vile ilikuwa: Alinikataza siku tatu mbele. Nilisikia. Nilifungua hata vile, juu niliogopa maneno ya bantu kuliko niliheshimu kazi ya mutoto. Nikatia sahihi yangu, ile ya primaire, yenye mukia mrefu.

Mama Mwajuma hakungoja kuombwa. "Minyi nitaandika mpaka rangi ya kiti!" Akaandika mistari ine ya kweli, na carte yake akaileta mbio.

Akabakia Yaya Kisimba. Alikuwa bado kwetu, anangojea train. Nilimuomba kesho yake, mardi, chakula ikiwa mbele yake.

"Niandike?" akasema. "Sawa mwizi kwa polisi? Ule mama nilimusalimia na magoti. Yeye njo aniandikie minyi. Hata hakuitika."

"Yaya, ni juu ya mutoto."

"Mutoto hakuniambia kitu. Alinisalimia vizuri sana."

Kweli, hakumwambia kitu. Ungetaka amuambie nini?

Mercredi nilitoka asubuhi kwenda shambani. Siku ya mwisho ilikuwa kesho yake, jeudi. Nikiwa na jembe mukononi nikasikia train inapiga kelele kwa mbali, upande ya gare. Nilitupa jembe. Nilirudi mbio mpaka nyumbani: valizi haiko, Yaya haiko. Nikachukua karatasi na kalamu, nikavitia ndani ya kikwembe, nikakimbia tena. Ba-mama, miaka yangu ni makumi tano na nane. Magoti yangu hayakuniuliza.

Gare ilijaa. Magunia ya mahindi, mikeka ya samaki kavu, mabidon, kila muntu anapiga kelele jina ya ndugu yake. Nikamuona Yaya kwa dirisha ya wagon, ameketi vizuri, kofia kichwani. Nikapita mpaka chini ya ile dirisha. Nikapiga magoti ndani ya mavumbi, mbele ya bantu bote, nikapiga makofi.

"Eyo Vidye."

"Inuka, muke ya ndugu yangu! Bantu banatuangalia."

"Baangalie. Nimekusalimia, Yaya. Mutoto pia alikusalimia. Ulikunywa mayi. Sasa niko na neno moja. Jibu ya damu ya ndugu yako ilifika siku gani?"

"Unaniuliza ile hapa?"

"Hapa."

Mama mumoja mwenye aliketi karibu naye juu ya gunia akasema: "Baba, mujibu mama, train haitamungojea."

Yaya akatoa kofia. "Siku ya tisa," akasema.

"Léonie anasoma juu ya ile siku ya tisa. Miaka tatu anatumika na anasoma, asubuhi na jioni, na bageni yetu mugongoni, ili ile jibu itoke hapa siku ile ile. Weye na minyi tuliingia tukamukata. Kama haukuandika leo, kesho imekwisha. Enda Lubumbashi salama, Yaya, lakini ujue."

Nilisikia chuma ya wagon inagongana, moja kwa ingine, tangu mbele mpaka nyuma. Kiisha mukono yake ikatoka kwa dirisha.

"Karatasi iko wapi? Andika weye, minyi nitatia sahihi. Andika: Minyi Kisimba niliingia chumba yenye mutoto hakuniita. Nilitaka heshima yangu." Akafikiri kidogo. "Andika tena: Alinisalimia hata vile."

Niliandika na karatasi juu ya mugongo ya muntu mumoja mwenye sikumujua, akainama tu, anacheka. Yaya akatia sahihi wakati train ilikuwa imeanza kutembea. Nilikimbia pembeni hatua kama kumi. "Carte!" nikapiga kelele. "Banataka picha ya carte!" Akaingiza mukono ndani ya koti, akanitupia carte yenyewe. Muntu kusafiri mpaka Lubumbashi bila carte, munajua ni taabu gani. "Nitaikamata nikirudi!" akasema, na vumbi ikatufunika.

Karatasi tatu zilienda jeudi asubuhi, na kashe ya Monsieur Esdras.

Jibu ilikawia siku kumi na mbili. Zile siku Léonie hakuacha kusoma. Nilimuuliza: "Unasoma nini, na bamekufukuza?" Akajibu: "Chimie, Mama. Chimie haijanifukuza." Nilienda jikoni kulia. Tangu ile siku mayi ya bageni ninapasha minyi.

Kiisha baliandika: examen itarudiliwa mara moja, samedi ya pili ya mwezi wa saba, saa tatu mpaka saa sita. Muntu akionekana tena, hakuna kujitetea tena.

Ile samedi niliamka mbele ya kuku. Nilitia kiti kidogo mbele ya mulango ya Léonie, nikaketi, mugongo juu ya mbao. Saa tatu na nusu bakafika: bantu sita kutoka Kabongo, na mbuzi.

"Hodi! Hodi kwa ndugu!"

Nilienda mpaka inje, pole pole. "Karibuni. Muende kwa Mama Mwajuma, chakula iko kule."

"Lakini nyumba ya ndugu yetu ni hii."

"Ni hii. Lakini leo iko kazini."

Binti-mukwe mumoja kati yao akapiga makofi ya kuchekelea. "Hee! Kwa Mama Léonie sasa banaingia na tikiti?"

"Leo hata na tikiti hauingie. Kasirika kesho, nitakuwa na nafasi."

Mbuzi ikalia, nguvu kabisa, upande ya dirisha. Mama Mwajuma alitoka mbio, akaikamata kwa pembe, akaivuta sawa muntu anavuta mulevi. "Weye na sauti yako, kuya kwetu," akaiambia. Bageni bakamufuata.

Saa ine ilikuwa imepita wakati nilisikia ile mikono: pa, pa, pa. Nilijua ni nani. Yaya Kisimba, anatoka Lubumbashi, amekuja kukamata carte yake.

Nilisimama mbele ya mulango. Nilikamata mbao ya mulango, juu kama angesema tena "minyi ni mugeni tu," sijui kama ningeshinda.

Aliangalia mulango. Akaniangalia minyi. Akatia valizi chini, polepole sana, sawa ni yai. Akaenda mpaka pembeni ya lupango, mbali na dirisha, akageuza bidon ya mayi, akaketi.

Nilimuletea mayi. Nilipiga magoti, lakini makofi sikupiga. Yeye akakamata bilauri na mikono mbili. Akaangalia tena ule mulango, muda murefu. Kiisha akakunywa. Akakunywa yote, mpaka chini.

"Ni baridi," akasema kwa sauti ndogo. Akachukua bidon yake, akaenda kuketi kwa njia ya kuingilia. Kila muntu mwenye alipita na kuinua mikono kupiga hodi, nilimuona Yaya anatia kidole juu ya midomo. "Sss. Mutoto iko kazini."

Saa sita na dakika tano mulango ilifunguka. Léonie alitoka, macho mekundu, vidole na wino. Akamuona baba yake mukubwa. Akaanza kupiga magoti.

"Simama, mwanangu," Yaya akasema. "Mayi nimekwisha kunywa."

Alipata kumi na mbili juu ya makumi mbili. Si mingi, lakini ilitosha kumupitisha. Sasa amebakiza kitabu ya mwisho ya licence yake, anaandika juu ya homa ya hapa kwetu, na kila lundi saa moja na nusu iko mbele ya microscope. Masini haijafika bado. Siku ine zilizopita Yaya alipiga simu kutoka Kabongo kuuliza mulango itafungwa tena siku gani, ili asitume bageni.

MAFUNZO

Muntu mwenye kusoma ndani ya nyumba iko kazini. Hata kama hatuoni jasho kwa uso yake, hata kama ameketi, hata kama mwalimu yake haingie kwa mulango. Tusiseme "anacheza na simu" mbele ya kumuuliza anafanya nini.

Minyi nilifikiri ubaya inaingia ndani ya jamaa na pombe, ao na wizi. Kwetu iliingia na adabu, imevaa koti, na kuku mukononi. Heshima ni muzuri, na minyi ningali ninapiga magoti. Lakini heshima yenye haiwezi kungoja masaa matatu inakula mutoto, na yeye atakusalimia vizuri wakati unamukula, hautajua kitu.

Ba-mama, mutoto akisema "saa tatu mpaka saa sita," muamini, hata kama haujaelewa. Mayi, tupashe sisi. Kisu, tuangalie mukononi kwanza. Na ninyi ba-baba bakubwa, mukifika mukaona mulango imefungwa, mukunywe mayi. Hakuna mwenye atasema nyumba haina batoto. Banatumika kazi.

Na mwenye amekwisha kukosa sawa minyi, asijifiche nyuma ya bageni. Akamate kalamu, aandike vile ilikuwa, hata na sahihi ya primaire.

Leo tena ni siku ya posho. Mulango yake imefungwa, anaandika. Ninaenda kukaa pale.